Kukosa Usingizi Baada ya Ugonjwa Mzito: Mwongozo Kamili kwa Anayepona Polepole

Waliougua sana wana kisa kinachofanana. Hospitalini, kati ya taa zisizozimwa na muuguzi anayekuja kupima presha usiku wa manane, mtu hujiambia kwamba siku akirudi kwenye kitanda chake atalala mpaka achoke. Anarudi, na usingizi haupo. Mchana anasinzia akiwa amekaa, usiku macho makavu. Ndugu wanamwambia atulie tu, utakuja wenyewe. Miezi inapita na haujaja.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo: aliyepata kiharusi, aliyefanyiwa upasuaji mkubwa, aliyetoka chumba cha wagonjwa mahututi, aliye kwenye matibabu ya saratani au ameyamaliza, mwenye moyo au figo zilizodhoofika, au aliyebaki na uchovu usiokwisha baada ya maambukizi. Ushauri wa kawaida wa usingizi unamfaa nusunusu. Huwezi kumkataza kulala mchana mtu ambaye kuoga tu kunammaliza nguvu. Wala humsaidii ukimwacha alale saa yoyote anayotaka, maana hapo ndipo tatizo linapoota mizizi. Kanuni ninayoishikilia ni moja: pumzika kadiri mwili unavyodai, lakini sehemu kubwa ya mapumziko ya mchana itoke kitandani.

Kwa nini usingizi haurudi wenyewe

Usingizi unaendeshwa na mambo mawili. La kwanza ni kama njaa. Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo, na kadiri unavyokaa macho ndivyo inavyokulemea. Ukisinzia saa 11 jioni umeshakula kidogo, na usiku unapanda kitandani huna hamu. La pili ni saa ya mwili, sehemu ndogo ndani ya ubongo inayoendesha mzunguko wa takriban saa 24, na ambayo hurekebishwa zaidi na mwanga unaoingia machoni. Mgonjwa anayeshinda chumbani na pazia limefungwa, kisha usiku akaangalia simu, anaivuruga saa hiyo mara mbili.

Mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Spielman, aliyelishughulikia tatizo hili miaka ya 1980, aligawa sababu za kukosa usingizi katika makundi matatu: kinachomfanya mtu awe mwepesi wa kukesha tangu awali, kinachoanzisha kukesha, na kinachokuendeleza. Ugonjwa ni kundi la pili. La tatu mara nyingi ni mambo yaliyoanzwa kwa nia njema wakati mtu yuko hoi: kupanda kitandani mapema ili kufidia, kulia chakula hapohapo, kuamka saa tofauti kila siku, kulala chali ukiulazimisha usingizi uje. Wakati ule hayakuwa na ubaya. Miezi kadhaa baadaye ndiyo yanayokukesha, hata kama ugonjwa wenyewe umeshatulia.

Hatua ya 1: Tafuta kinachokuamsha ambacho tabia haiwezi kukitibu

Hatua hii ndiyo inayorukwa sana. Mtu anahangaika na vinywaji vya kulaza kumbe kidonge cha saa 2 usiku ndicho kinachomkesha.

Anza na dawa. Ziweke zote mezani, pamoja na zile ulizojinunulia, uandike jina la kila moja na saa unayoimeza. Mpelekee daktari au mfamasia orodha hiyo na umuulize swali moja: ipi inaweza kuniondolea usingizi, na je, saa yake inaweza kubadilishwa? Steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni huchangamsha, ndiyo maana dozi ya mara moja kwa siku kwa kawaida humezwa asubuhi. Dawa za kuongeza mkojo kama furosemidi zikimezwa jioni zinakupeleka chooni usiku kucha. Propranololi na baadhi ya ndugu zake wanaotumika kwa moyo na presha huweza kuleta ndoto kali. Dawa za mfadhaiko, nyingine hulaza na nyingine huchangamsha. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini huchangamsha pia. Usihamishe saa wala kuacha dozi kwa uamuzi wako mwenyewe. Hapo swali ndilo lenye kazi.

Kisha pumzi. Kukoroma kwa nguvu, kukatika pumzi kisha kushtuka kwa kukoroma, kuamka na kichwa kinachouma na mdomo mkavu: hizo ni dalili za njia ya hewa kuziba usingizini. Hali hii imeenea sana kwa waliopata kiharusi na wenye moyo dhaifu, na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini zinaweza kuizidisha. Mwombe anayelala karibu nawe akurekodi kwa simu kwa dakika chache. Rekodi hiyo humwambia daktari mengi kuliko maelezo yako, kwa sababu wewe ulikuwa umelala.

Jambo jingine la pumzi si la kusubiri miadi. Ukishindwa kupumua ukilala chali, ukihitaji mito mingi kuliko wiki iliyopita, au ukikurupuka usiku unatweta mpaka ukae wima, tafuta huduma siku hiyohiyo. Ikiwa kukaa wima hakukupi nafuu, au kifua kinauma, nenda saa hiyohiyo. Maji huenda yanajaa kwenye mapafu, na mwongozo wa usingizi hauna dawa ya hilo.

Maumivu: angalia saa unayoamka. Mtu anayemeza saa 3 usiku dawa inayofanya kazi kwa muda wa saa sita, na kuamka saa 9 usiku akiugua, hana fumbo lolote, dozi imekwisha. Mweleze daktari hivyohivyo, kwa saa, naye anaweza kupanga muda upya au kubadili aina. Mito husaidia kuliko watu wanavyodhani. Ukilala ubavu, weka mmoja kati ya magoti. Ukilala chali, weka chini ya magoti. Mkono uliodhoofika kwa kiharusi uegemezwe kwenye mto kuanzia begani, usining'inie wala kukunjwa chini ya mwili.

Mkojo: kunywa maji yako zaidi asubuhi na mchana, upunguze katika saa 2 za mwisho kabla ya kulala, ndani ya kiwango ulichopangiwa kama una tatizo la moyo au figo. Miguu inayovimba ina siri yake. Maji yaliyotuama miguuni mchana kutwa hurudi kwenye damu ukishalala, figo zikayatoa usiku. Ukiinua miguu kwa muda alasiri, sehemu ya kazi hiyo inafanyika kabla hujapanda kitandani.

Wenye kisukari wanaotumia insulini, au vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, wakiamka wamelowa jasho, moyo unadunda na mwili unatetemeka, wapime sukari palepale kabla ya kuiita ndoto mbaya. Na ukiwa na miguu inayowashwa na hamu ya kuchezeshwa kila jioni, ikatulia ukitembea, omba kupimwa akiba ya madini ya chuma. Hali hiyo hutokea sana kwa wenye ugonjwa wa figo.

Hatua ya 2: Andika kwa wiki 2

Kumbukumbu ya aliyekesha haiaminiki. Kipande cha usingizi wa mang'amung'amu huhesabiwa kama macho, na usiku mmoja mbaya hufunika minne ya wastani. Weka daftari, uandike asubuhi, kwa kukadiria. Usichungulie saa usiku. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi:

"Nilipanda saa 3:00 usiku. Nadhani nilipitiwa saa 5. Niliamka mara mbili, mara moja kwa mkojo, mara moja bila sababu nikakaa macho kama saa moja. Nikaamka kabisa saa 12, nikatoka kitandani saa 1:00 asubuhi. Mchana nilisinzia kitini saa 10 hadi 11. Maumivu ya wastani. Chai saa 10."

Hesabu yake: saa 10 kitandani, usingizi kama saa 6, yaani asilimia 60. Wanaotibu kukosa usingizi kwa kawaida hulenga asilimia 85 hivi. Angalia pia yale mawili ya jioni, usingizi wa kitini na chai. Kafeini huchukua takriban saa 5 mwili kuondoa nusu yake, na kwa wengine zaidi. Sehemu kubwa ya chai ile ya saa 10 ilikuwa bado inafanya kazi alipopanda kitandani.

Daftari linakuonyesha pia tofauti ambayo wengi hawaioni. Kuna kuchoka na kuna kuwa na usingizi. Mwenye usingizi kope zinashuka na kichwa kinaanguka. Aliyechoka mwili hauna nguvu, miguu mizito, lakini akilala anabaki macho. Baada ya ugonjwa mzito uchovu huwa mwingi kuliko usingizi. Ukiupeleka uchovu kitandani kila unapokuja, ubongo unazoea kuwa macho kitandani.

Hatua ya 3: Hamisha mapumziko

Chagua mahali pengine pa kupumzikia: kiti chenye kuegemea, kochi, mkeka wenye mito. Hapo ndipo unapokula, unapozungumza na wageni, unapotazama simu na unapofumba macho bila kulala. Kama huwezi kutoka kitandani, basi kitanda kiwe na sura mbili. Mchana kaa umeinuliwa, pazia wazi, shuka la juu limekunjwa, umevaa nguo za mchana, na ikiwezekana ugeukie upande wa miguuni. Usiku kila kitu kibadilike. Inaonekana kama mchezo, lakini mwili unajifunza kwa ishara za namna hiyo.

Usingizi wa mchana usiufute. Uupe mipaka: mara moja, dakika 20 hadi 30, uwe umekwisha kabla ya saa 9 alasiri, na kengele imewekwa. Wiki za mwanzo baada ya upasuaji au matibabu makali unaweza kuhitaji zaidi, na hapo lala bila kujilaumu.

Kuhusu mazoezi, kutembea kidogo mchana huongeza usingizi wa usiku kwa wengi. Ila kuna kundi la kutahadhari. Kama kila ukijitahidi leo unaanguka kesho au keshokutwa, homa za ndani, akili nzito, mwili kama umepigwa, jambo ambalo huwapata baadhi ya watu baada ya maambukizi ya virusi, usijilazimishe kuongeza hatua kila siku. Gawanya kazi vipande vidogo na usimame kabla hujachoka. Kumsukuma mtu wa namna hiyo "azoee" kunamrudisha nyuma, na nimechoka kuona ushauri huo ukitolewa kwa ujasiri.

Hatua ya 4: Saa moja ya kuamka, na mwanga

Kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, liwe hili. Chagua saa ya kuamka unayoiweza siku 7 za wiki, uishike hata usiku ukiwa mbaya. Saa ya kulala huwezi kuiamrisha, ya kuamka unaiweza. Ukishaamka, tafuta mwanga wa nje kwa nusu saa hivi: kibarazani, mlangoni, au kiti kilichosogezwa dirishani. Hata siku ya mawingu mwanga wa nje unaizidi mbali taa ya chumbani. Jioni fanya kinyume, punguza taa na uweke simu mbali.

Hatua ya 5: Punguza saa za kitandani polepole

Hii ndiyo sehemu yenye nguvu zaidi ya tiba ya kisaikolojia ya kukosa usingizi, ile inayorekebisha mawazo na mienendo, ambayo mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani kilipendekeza ianze kabla ya vidonge kwa watu wazima. Toleo lake la kawaida ni kali, unabana saa za kitandani ghafla zilingane na saa unazolala. Kwa anayepona napendekeza toleo la taratibu.

Chukua mfano wa daftari lile. Analala saa 6 ndani ya saa 10. Saa ya kuamka na kutoka kitandani anaiweka 12:30 asubuhi. Wiki ya kwanza anapanda saa 3:30 usiku badala ya saa 3, akae kitandani saa 9. Kila wiki anasogeza mbele nusu saa, na anasimama pale usingizi unapoanza kujaza muda aliopo kitandani. Akifika saa 5:30 usiku ana saa 7 kitandani, na zile saa 6 zake sasa ni zaidi ya asilimia 85. Hapo usingizi ukishakuwa mzito na wa moja kwa moja, anaanza kurudisha dakika 15 kila wiki. Siku za mwanzo utasinzia zaidi mchana, kwa hiyo usiendeshe gari.

Usiifanye hatua hii bila kuongea na daktari kama una kifafa, ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, njia ya hewa inayoziba usingizini na haijatibiwa, au uko katika hatari ya kuanguka. Jumla ya muda wako wa kitandani usishuke chini ya saa tano na nusu kwa vyovyote.

Hatua ya 6: Ukiamka usiku

Kuamka mara kadhaa ni kawaida hata kwa mzima, maana usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Tatizo ni kukaa macho. Ukihisi zimepita kama dakika 20, ondoka kitandani ukae mahali hafifu, fanya jambo lisilo na msisimko, urudi kope zikianza kushuka. Saa ya ukutani igeuze.

Asiyeweza kusimama salama gizani asiondoke. Abadilishe mkao, akae nusu wima, awashe taa ndogo, asikilize redio kwa sauti ya chini au adhkari au sala alizozizoea, mpaka usingizi urudi. Njia ya chooni iwe na taa ndogo ya usiku, isiwe na zulia linaloteleza, na kabla ya kusimama kaa ukingoni kwanza kwa dakika moja.

Mawazo yanayokuja saa 8 usiku, kama ugonjwa umerudi, kama pesa zitatosha, yapewe muda wao mapema. Jioni kaa dakika 15 na karatasi, andika kila hofu na hatua moja inayofuata, hata kama hatua yenyewe ni "nitamuuliza daktari kwenye miadi." Yakija usiku, yana mahali yalipoandikwa.

Ndoto mbaya na hofu ya kufumba macho

Waliotoka mahututi wengi hawalisemi hili: wanaogopa kulala. Wanahisi wakilala hawataamka, au wanarudiwa na picha za kutisha, za kufungwa, za kukimbizwa, za watu waliotaka kuwaua. Wengi huziona kwa sababu homa, dawa za kulaza na ukosefu wa usingizi viliuchanganya ubongo, na vipande vya mambo ya kweli kama mirija, mashine na mikono iliyofungwa ili mirija isichomolewe vikageuka hadithi. Kujua yaliyotokea kweli kunapunguza makali. Mwulize aliyekuwepo, au omba muuguzi akupitishe kwenye siku zile moja baada ya nyingine.

Kwa ndoto inayojirudia, kuna zoezi la mchana lenye manufaa kwa wengi. Iandike ndoto, ubadili kipande chochote unachotaka, kisha ipitie ile mpya akilini kwa dakika 10 hadi 20 kila siku. Anza na ndoto isiyo mbaya kuliko zote. Kama zoezi linakuongezea hofu, au unashtuka mchana pia na unakwepa chochote kinachokukumbusha hospitali, hiyo ni kazi ya mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Mawazo ya kujiua hayasubiri miadi. Mwambie mtu leo.

Vidonge

Vidonge vya usingizi vina nafasi yake, kwa muda mfupi na kwa sababu inayojulikana. Kwa anayepona vina hatari za ziada: kuanguka, kuchanganyikiwa, na pumzi kushuka vikichanganywa na dawa za jamii ya mofini au pombe. Dawa za mzio zinazolaza, zile za zamani, hupoteza nguvu haraka, na kwa wazee huleta kuchanganyikiwa na mkojo kukwama. Melatonini hufaa zaidi saa ya mwili iliyohama kuliko kukosa usingizi kwenyewe. Kama umeshatumia vidonge vya jamii ya diazepamu kwa wiki nyingi usiviache ghafla, unaweza kupata degedege. Punguza kwa mpango wa daktari. Pombe humlaza mtu mapema na kumwamsha saa 9 usiku.

Kwa anayemuuguza

Wewe pia huna usingizi. Kama mgonjwa hahitaji kugeuzwa au dawa usiku, laleni vyumba au magodoro tofauti, awe na kengele au simu ya kukuita. Kama anahitaji, gawaneni usiku na mwenzako kwa zamu ndefu badala ya wote kuamka kila mara.

Ukirudi nyuma

Utarudi nyuma. Maambukizi mapya, dozi nyingine ya matibabu, kulazwa tena, na usingizi unavurugika. Siku hizo acha hatua ya 5 kabisa, lala unapoweza. Homa ikishuka na ukaanza kula, shika kwanza saa ya kuamka kwa siku chache, kisha mwanga, kisha rudisha mapumziko kwenye kiti, na ukishaziweza hizo ndipo ubane tena saa za kitandani. Kama baada ya wiki 6 hadi 8 za kufuata hatua hizi bado unakesha usiku 3 au zaidi kwa wiki, mpelekee daktari daftari lenyewe. Mwambie umeshajaribu nini na kwa muda gani, na umuulize kuhusu kipimo cha usingizi, damu, tezi ya shingo na mfadhaiko.